Mafuta ya Haneti

Injini ilitoka Jumatatu saa nne asubuhi, na Ruthu alijua imetoka kwa sababu mnyororo uliacha kulia. Alikuwa amekaa kitandani katika chumba chake cha uani, mjukuu wake Erica amempandia magotini. Kwenye upenyo mwembamba wa pazia aliona miguu ya mkwewe ikirudi nyuma hatua mbili, na lile dude jeusi likining'inia kwenye mabomba matatu yaliyofungwa pamoja juu.

"Taratibu, Masudi! Taratibu, baba!" Jordan alipiga kelele. "Na klachi usiiguse. Imeshuka na injini, itapanda na injini. Ukinifungulia hata bolti moja, kesho utafute kazi ya kuuza karanga."

"Nimesikia, fundi."

"Masikio yamesikia. Mikono yako ndiyo viziwi."

Ruthu alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Klachi ni ipi hakujua. Kwa miezi minne alikuwa amejifunza gereji kwa masikio tu: kipi kinagongwa, kipi kinakazwa, nani anatukanwa na nani anasifiwa. Sura ya mkwe wake, kama angeulizwa, asingeweza kuieleza vizuri.

Hakuna aliyemfungia ndani. Kwao Haneti, alikozaliwa na kuolewa, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala mmoja halitaji jina la mwenzake. Wengi mjini wameshayaacha hayo. Jordan mwenyewe, mtu wa Mvumi na mwimba kwaya, angeweza kuyaacha. Lakini mtu wa kuanza hakupatikana. Yeye alimheshimu mama, mama alimheshimu yeye, na heshima ile ikakaa katikati ya nyumba kama kabati ambalo hakuna mwenye nguvu ya kulisogeza.

Gladness, binti wa Ruthu, aliyaita mambo ya kizamani. Ila Gladness alikuwa karani serikalini, anatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi jua limezama. Msichana wa kazi alipoondoka ghafla mwezi wa tisa, ndiye aliyemfuata mama yake Haneti: "Mama, njoo unishikie mtoto wiki mbili." Wiki mbili zilikuwa zimefika Januari. Na sasa Gladness alikuwa Morogoro kwenye mafunzo ya ofisi, na nyumba ile ya mtaa wa Kikuyu ilibaki na watu watatu, wawili wakizungumza kupitia kinywa cha mtoto wa miaka mitatu na nusu.

"Erica, mwambie baba chakula kipo mezani."

"Baba, chakula kipo mezani!"

"Mwambie bibi asante."

"Bibi, asante!"

Siku nyingine mjumbe alichoka. "Baba," alisema jioni moja, mkono mdomoni, "bibi amesema ile ile ya jana."

*

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la milango miwili, limekaa chini kama beseni lililofunikwa. Mwenyewe aliitwa Harithi, kijana wa mjini, ambaye baba yake alikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Jumamosi kulikuwa na mbio za magari kwenye barabara za vumbi nje ya mji, na injini ilikuwa inakula oili. Jordan aliifungua, akabadilisha ringi za pistoni na sili zote za kuzuia oili isivuje, akaisafisha kila kipande kwa dizeli kama mtu anayemwogesha maiti wa kwao. Klachi ilikuwa mpya, imefungwa Novemba, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kuguswa. Ilibaki pale nyuma ya injini, imekazwa, kavu kama klachi inavyotakiwa.

"Jumamosi likikimbia, fundi," Harithi alikuwa amesema, "malori sita ya mzee yanahamia kwako. Sita. Nimeshaongea naye."

Jordan alimsimulia mkewe kwa simu, amesimama uani, kwa sauti ambayo hata majirani waliipata. Hakuwa amewahi kupata mteja mwenye zaidi ya magari mawili. Ruthu alisikia kila neno. Alipomaliza kusikiliza alipiga magoti kando ya kitanda akayaombea malori sita.

Usiku wa Jumanne mvua ilinyesha. Jumatano asubuhi Jordan aliondoka kwenda mjini kutafuta gasketi, na Masudi, kama kawaida yake, alikuwa hajafika. Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya Ruthu. Uani pakiwa hakuna mwanamume, alitoka, akafagia, akaanika nguo, akanyoosha mgongo juani.

Injini ilikuwa imekalishwa juu ya matairi mawili. Upepo ulikuwa umeondoa nailoni upande mmoja. Ruthu aliisogelea, mikono nyuma, kama anavyosogelea ng'ombe wa mtu. Kila mahali iling'aa kwa oili, isipokuwa nyuma. Nyuma kulikuwa na chuma cha duara, kipana kama sinia, chenye matundu matundu, na chuma hicho kilikuwa kikavu kabisa. Na kutu ilishaanza: nyembamba, nyekundu, ile kutu ya usiku mmoja wa mvua.

Wamesahau hapa, alijiambia.

Marehemu mume wake hakuwahi kuacha chuma kikavu masika. Jembe, panga, cherehani, vyote vilipata mafuta kabla ya mvua ya kwanza, na mke aliyesahau alisikia habari yake. Ruthu alijua kazi hiyo. Na kwa miezi minne alikuwa amekula ugali wa mtu huyu. Dawa zake za presha alizinunua mkwe, akazituma kwa mkono wa Erica, ndani ya mfuko, bila neno. Hata siku moja Ruthu hakuwa amepata njia ya kumwambia asante ambayo haikupitia kwa mtoto anayelamba kamasi.

Alikuwa amekuja na dumu la lita tano la mafuta ya alizeti, alizeti ya shamba lake, yamekamuliwa Haneti huku anatazama. Hakuna kitu kizuri zaidi alichokuwa nacho. Alijaza kikombe cha chai, akatafuta unyoya wa kuku, akachuchumaa. Alisugua kutu mpaka ikaisha. Kisha akayadondosha mafuta polepole kwenye kila tundu, akizunguka duara lote, akisubiri chuma kinywe kabla ya kuongeza. Kikombe kilipoisha alifuta nje kwa kipande cha kanga mpaka akakiona kivuli chake.

Jordan aliporudi, Ruthu alikuwa nyuma ya pazia, anachungulia kama msichana.

"Masudi!" Jordan aliita. Masudi ndiyo kwanza anaingia getini. "Hapa nyuma umesafisha wewe?"

Masudi, aliyekuwa amejiandaa kutukanwa kwa kuchelewa, aliona njia ya kuponea. "Si ulisema pawe safi, fundi?"

"Leo umeniheshimisha. Angalia hilo duara la flaiwili, kama la dukani."

Klachi iliyofungwa ndani ya chuma kile hakuigusa. Mwenyewe alikuwa ameshapiga marufuku isiguswe. Ruthu alimkumbatia Erica hadi mtoto akalalamika. Kumpa Masudi sifa hakukumuuma hata kidogo.

*

Alhamisi injini ilipanda. Masudi alilala chini ya gari, Jordan akashika mnyororo. Ilishuka inchi kwa inchi kuelekea kwenye giaboksi iliyobaki ndani, ikakataa, ikainuliwa, ikageuzwa kidogo.

"Shafti imeona tundu?"

"Bado. Kushoto. Kushoto kwako wewe, siyo kwangu!"

"Sasa?"

"Sasa... ee. Ee! Inaingia!"

Ruthu aliisikia ikikaa: mlio mmoja mzito, wa chuma kukubaliana na chuma. Jordan alipiga mluzi wa kwaya.

Saa tisa alasiri Harithi alifika na rafiki zake wawili. Injini iliwaka mara ya kwanza, ikanguruma vizuri mpaka vifaranga wa jirani wakakimbilia ndani. Jordan alijifuta mikono, akakaa kiti cha abiria. Gari likatoka getini.

Lilirudi baada ya dakika ishirini, likisukumwa na watu watano. Nyuma yao walikuwa watoto na mwanamke mmoja muuza mboga aliyeacha genge lake ili aone.

"Injini inakimbia, gari limekaa," Harithi alisema, akifunga mlango kwa nguvu. "Nakanyaga mafuta, inalia. Naingiza gia ya tatu, inalia. Kimlima kile cha kanisani, kimlima ambacho bajaji inapanda na abiria wanne, mimi nimeshindwa. Watu wananishangaa."

"Klachi inateleza," Jordan alisema taratibu.

"Klachi ilikuwa mpya nilipokuletea. Na hii harufu ni nini, fundi? Umenitengenezea gari au jiko? Linanukia maandazi!"

Watu walicheka. Muuza mboga alicheka kuliko wote. "Kweli jamani," alisema, "hata mimi njaa imeniuma."

Harufu ilipita chini ya mlango wa Ruthu, ikamfikia alipokuwa amekaa. Hakuhitaji kuivuta mara mbili. Ilikuwa harufu ya jikoni kwake, harufu ya Jumapili, ya mafuta yaliyosahauliwa kwenye kikaango. Alizeti. Akaiweka mikono yake chini ya mapaja.

Huko nje Jordan alikuwa ameinama chini ya gari, ananusa. Oili ya injini iliyoungua aliijua kwa miaka kumi na tano. Hii haikuwa hiyo, lakini nyingine hakuwa nayo kichwani. "Itakuwa sili ya nyuma," alisema mwishowe. "Inavuja oili kwenye klachi."

"Sili aliyoifunga nani?"

"Niliyoifunga mimi."

"Sawa. Kesho saa sita mchana nakuja. Kama haliendi, nalivuta kwenda kwa mtu mwingine. Na yale malori, fundi, usinilaumu. Siwezi kumpelekea mzee wangu fundi wa maandazi."

Walipoondoka, Jordan alimgeukia Masudi. "Jana ulifuta kwa kitu gani?"

"Sikufuta."

"Ulisema umefuta."

"Sikusema nimefuta. Nilisema ulisema pawe safi."

"Nilikusifu ukanyamaza! Mtu akisifiwa kwa kazi ambayo hajafanya ananyamaza?"

"Fundi, wewe husifu mara moja kwa mwaka. Mimi ningeanza kubisha?"

"Toka, Masudi. Toka, kabla sijakosea."

Masudi alichukua shati lake kwenye kamba. Ndala zake zilisikika mpaka mwisho wa uchochoro.

*

Ruthu alimpigia binti yake saa hiyo hiyo. Simu iliita mpaka ikakata. Alipiga tena.

"Mama, niko ndani ya kipindi," Gladness alinong'ona. "Erica mzima?"

"Mzima. Ila kuna jambo. Hapa nyumbani, mimi nime..."

"Presha? Umekunywa dawa?"

"Siyo presha. Ni kuhusu baba Erica, na gari la..."

"Mama, mambo ya magari muachie mwenyewe. Anajua anachofanya. Nitapiga jioni, sawa? Kunywa maji mengi."

Jioni simu haikuita. Ruthu aliiweka simu juu ya mto, akaitazama kama sufuria ya maziwa. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Jordan angeishusha tena injini, angekuta mafuta, angelaumu sili, angelaumu mkono wake mwenyewe. Masudi angepata kibarua kwingine. Naye Ruthu angerudi Haneti siku moja akiwa mama mkwe yule yule mwenye heshima zake. Kumwambia, atamwambiaje? Kwa kinywa cha Erica? Alijaribu kuyapanga maneno ambayo mtoto angeweza kuyabeba: Erica, mwambie baba, bibi aliweka mafuta. Mtoto angesema mafuta, Jordan angesema asante, ugali ungeendelea kuliwa.

Ijumaa kulipopambazuka Jordan alikuwa tayari chini ya gari, peke yake, anafungua bolti za kuitenga injini na giaboksi. Miguu tu ndiyo iliyoonekana. Spana ilimponyoka, akatukana, akaipapasa, ikamponyoka tena. Hakukuwa na mtu wa kumpa.

Ruthu alimtazama Erica. Alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.

Akajifunika kanga kichwani, akatoka. Alivuka uani, hatua ishirini ambazo kwa miezi minne hakuwahi kuzivuka mwanamume akiwepo, akasimama kando ya gari. Aligeukia ukuta. Aliona matofali tu, na mstari wa siafu.

"Jordan," alisema.

Spana iliacha kugonga. Jina lile lilikuwa halijawahi kutoka mdomoni mwake.

"Siyo sili yako. Wala siyo Masudi. Ni mimi. Jumatano nilikuta kile chuma cha nyuma kina kutu, nikadhani mmekisahau. Nikakipaka mafuta."

Mahali fulani redio ilikuwa ikisoma habari za asubuhi.

"Mafuta gani?" Sauti ilitoka chini ya gari, ndogo.

"Ya alizeti. Yale niliyokuja nayo."

"Kiasi gani?"

"Kikombe cha chai."

"Kikombe kizima?"

"Kizima. Nilikuwa nangoja kinywe, halafu naongeza."

Kitu kilimtoka Jordan chini kule, na Ruthu hakujua kama ni kicheko au ni pumzi ya mtu aliyepigwa tumboni. Alingoja. Alikuwa tayari kutukanwa, na kwa kweli alitamani atukanwe. Tusi angelipokea yeye mwenyewe, moja kwa moja, na lingekuwa lake.

Mlango wa chumba ulilia. Erica alitoka na shuka lake, nywele zimesimama.

"Erica," Jordan alisema kutoka chini, "mwambie bibi arudi ndani. Hapa kuna misumari."

"Bibi, rudi ndani. Kuna misumari."

Ruthu akarudi ndani.

*

Jordan aliishusha injini mwenyewe, kwa mnyororo na kwa bega. Akaifungua klachi ambayo alikuwa ameapa haitaguswa. Pleti ya ndani ilitoka imelowa, imeungua kingo, inanukia chapati. Aliiosha kwa petroli, akaianika juani, akaikwaruza kwa msasa, lakini mafuta hayakutoka. Alipiga simu Dar es Salaam. Kwa gari lile, aliambiwa kila duka, pleti ni ya kuagiza. Wiki mbili, pengine tatu.

Saa sita kamili Harithi alifika na pikapu ya kulivuta gari lake. Ruthu alisimama nyuma ya pazia. Alikuwa ameshavaa viatu. Kama angeitwa, angetoka.

"Sili ni nzima," Jordan alisema. "Injini ni nzima, nakuhakikishia. Yaliingia mafuta kwenye klachi. Ya kula."

"Ya kula? Yaliingiaje?"

"Niliyaweka mimi."

Harithi alimtazama. "Wewe. Fundi mwenye miaka kumi na tano kazini. Uliweka mafuta ya kula kwenye klachi."

"Kulikuwa na kutu, nikakosa grisi. Nilikosea. Pleti mpya naagiza mimi, juu yangu."

"Jordan, nimeona mafundi wezi, nimeona walevi. Wewe ni wa kwanza kumwona anayekaanga." Harithi hakuwa na hasira tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliwaambia vijana wake wafunge kamba. Gari lilivutwa nje bila injini, pua imeinama, na injini ikapakiwa nyuma ya pikapu kama gunia la mkaa.

Masudi alirudi saa kumi, alipoitwa. Hakuingia, alisimama getini.

"Siyo wewe," Jordan alimwambia. "Nisamehe."

"Nani sasa?"

"Mimi."

"Wewe?" Masudi aliangua kicheko, akashika geti. "Wewe unayenipigia makelele klachi isiguswe? Fundi, wewe mwenyewe?"

"Njoo ufagie hapa, acha kelele."

Kufikia Jumamosi, mbio zikiwa zinaendelea huko nje ya mji, mtaa mzima ulikuwa na habari hiyo. "Fundi Alizeti!" kijana wa bodaboda aliita akipita getini. Jordan alikuwa anaziba pancha ya baiskeli. "Naam," aliitika, bila kuinua kichwa.

*

Gladness alirudi Jumapili jioni, miguu imevimba kwa safari. Jina hilo alikuwa ameshalisikia kituoni kabla hajashusha begi.

"Fundi Alizeti," alisema, akikaa mezani na kuvua viatu. "Nimeambiwa na muuza mboga, Jordan. Siyo na wewe, na muuza mboga. Malori sita! Mafuta ya kupikia kwenye klachi, hata mimi karani najua hapana. Ulikuwa umelewa?"

"Nilikosea kazi."

"Mtu hakosei hivyo. Mtoto wa shule hakosei hivyo. Nimewaambia watu wa ofisini tunatafuta eneo la gereji, nimeshajisifu, nimemwambia mpaka bosi..."

Ruthu alikuwa ameleta chai. Kwa desturi angeiweka na kuondoka, lakini alisimama mlangoni, birika mkononi, uso ameuinamisha kwenye sakafu. "Gladness," alisema. "Sikiliza. Mafuta yale..."

"Erica," Jordan alisema haraka, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. "Mwambie bibi chai imepoa. Aipeleke motoni tena."

"Bibi," mtoto alisema, "chai imepoa. Ipeleke motoni."

Gladness alimtazama mumewe, kisha mama yake, akatikisa kichwa kwa uchovu, akaanza kukanda kisigino.

Mvuke ulikuwa ukitoka kwenye mdomo wa birika, mwingi, ukimlowesha Ruthu kidevu. Alisimama kidogo pale mlangoni. Kisha akageuka, akapita uani gizani na birika lake la moto mpaka jikoni, akalitua juu ya mafiga yaliyozimika, akaketi kando yake kwenye kigoda, akangoja muda ambao chai ingechukua kuchemka.